Risasi ipi inaifaa bunduki yangu? Matundu matatu hayatoshi kukujibu

Swali:

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina bunduki mpya ya shabaha ya bolti, kaliba .308 Winchester, mtutu mzito, mifereji ya ndani ya mtutu inazunguka mara moja kwa kila inchi 10. Sitengenezi risasi mwenyewe, natumia za kiwandani tu. Nilinunua aina nne nikapiga tatu tatu kwa kila aina katika mita 100. Aina moja yenye kichwa cha uzito wa grani 168 ilinipa kundi la milimita 12. Nilifurahi sana, nikanunua risasi 200 za aina hiyo hiyo. Sasa nikipiga tano napata milimita 25, 31, hata 36, na zinatua juu kidogo na kushoto ya pale pa mwanzo. Mwenzangu mmoja wa uwanjani anasema mtutu umeshaharibika, mwingine anailaumu darubini, wa tatu anasema ninunue risasi za bei ya juu zaidi. Nifanyeje nijue risasi ipi hasa inaifaa bunduki hii, bila kumaliza fedha na mtutu wenyewe?"

Jibu:

Nzuri, ndugu msomaji. Umefanya vyema kuandika namba zako zote badala ya kusema tu kwamba haipigi vizuri, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya namba hizo.

Unahofu kwamba kuna kitu kimeharibika kati ya siku ya kwanza na leo. Mimi sioni kilichoharibika. Naona bunduki ambayo, kwa risasi hiyo, hupiga makundi ya milimita 30 hivi kwa risasi tano, na huenda ilikuwa hivyo tangu ulipoitoa kwenye sanduku. Milimita 30 katika mita 100 ni kama MOA moja, yaani dakika moja ya pembe, ambayo kwa umbali huo ni milimita 29. Kwa risasi za kiwandani hilo si jambo la aibu. Kundi la milimita 12 lilikuwa la kweli, matundu uliyaona kwa macho yako, ila halikuwa na uzito wa kubeba uamuzi uliouweka juu yake.

Nieleze kwa nini, maana hapa ndipo fedha nyingi za watu wa shabaha hupotea.

Kila bunduki hutawanya. Ukiifunga kwenye meza ya chuma isiyotikisika, ukaondoa upepo na mkono wa binadamu, bado risasi hazitapita tundu moja. Zitazunguka kitovu fulani, nyingi zikiwa karibu, chache zikiwa mbali. Mtawanyiko huo ndio tabia ya risasi ile ndani ya mtutu ule, na ndio unaotafuta kuujua. Lakini tunapopima kundi kwa umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana kuliko yote, tunakuwa tumepima ncha tu. Kadiri unavyopiga nyingi ndivyo ncha zinavyozidi kuachana, hata kama bunduki haijabadilika chochote. Kwa hesabu ya mtawanyiko wa kawaida, kundi la risasi tano huwa kubwa kuliko la tatu kwa asilimia 27 hivi, na la kumi huwa kubwa kuliko la tatu kwa asilimia karibu 58. Hivyo bunduki ambayo wastani wake ni milimita 30 kwa tano itakuwa na wastani wa 23 au 24 kwa tatu, na 37 hivi kwa kumi. Ulipolinganisha kundi la tatu na makundi ya tano ulikuwa unalinganisha vipimo viwili tofauti.

Zaidi ya hapo, makundi ya risasi tatu huyumba mno. Yakiwa na wastani wa milimita 24, si ajabu hata kidogo kupata la 12 na la 36 ndani ya saa moja, kwa risasi za boksi moja, mpigaji yule yule.

Na jambo lililokunasa hasa ni hili: ulipiga aina nne, kisha ukachagua iliyotoa kundi dogo kuliko zote. Hebu fikiria umechukua risasi 12 za boksi moja, ukazigawa mafungu manne na kuyapa majina manne. Fungu moja lazima litaibuka bora, jingine litaonekana baya, na tofauti kati yake itafika mara mbili bila shida yoyote, ingawa yote ni kitu kimoja. Mshindi wa jaribio fupi hushinda kwa ubora kidogo na bahati kidogo. Ukimwita tena, ubora hurudi, bahati hairudi. Ndiyo maana ulipopiga mara ya pili makundi "yaliharibika". Upande mwingine wa jambo hilo watu husahau kuuangalia: inawezekana kabisa kwamba mojawapo ya zile aina tatu ulizoziacha ndiyo bora, na siku ile ilikosa bahati tu.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, kwa nini bunduki moja ipende risasi hii na kuikataa ile.

Anza na kichwa cha risasi, kile kipande kinachoruka. Ndani ya mtutu wako wa mzunguko mmoja kwa inchi 10, kichwa kinachotoka kwa mita 790 kwa sekunde huwa kinazunguka zaidi ya mara 3,000 kila sekunde. Kikiwa ndani ya mtutu, chuma hukilazimisha kuzunguka kwa mhimili wa umbo lake. Kikishatoka, hakuna kinachokishika tena, kwa hiyo huzunguka kwa mhimili wa uzito wake. Mihimili hiyo miwili isipolingana, kwa sababu gamba la shaba ni nene upande mmoja kuliko mwingine, kichwa hurushwa pembeni pale pale kinapoachana na mdomo wa mtutu. Hesabu yake inashangaza: kitovu cha uzito kikihama kwa sehemu moja tu ya mia ya milimita, katika mtutu kama wako kichwa hupotea kwa milimita 25 hivi kufikia mita 100. Na upande kinaporushiwa hutegemea kilikuwa kimegeukia wapi wakati wa kutoka, kwa hiyo kimoja kitakwenda juu, kingine kulia, kingine chini. Mtawanyiko wa risasi za bei nafuu kwa sehemu kubwa ni hicho tu. Huwezi kuuona kwa kuitazama risasi mkononi.

Halafu kuna kitako cha kichwa. Risasi za kawaida za kijeshi zenye gamba kamili hutengenezwa gamba likiwa limefungwa kwenye ncha na kuachwa wazi nyuma, ambako madini ya risasi yaliyo ndani huonekana. Vichwa vya shabaha hufanywa kinyume: kitako kimefungwa na kulainishwa, uwazi mdogo umebaki kwenye ncha. Kile kitundu cha mbele watu hudhani kiliwekwa ili kichwa kipasuke, kumbe ni alama tu ya namna kilivyotengenezwa. Sehemu ya mwisho ya kichwa kuachana na mtutu ni kitako, na gesi yenye shinikizo kubwa hukipita wakati huo huo. Kitako kikiwa na kasoro upande mmoja, gesi hukisukuma bila usawa. Ncha ikiwa imeharibika kidogo, madhara yake ni madogo kuliko watu wanavyofikiri.

Kisha mifereji. Kichwa kirefu huhitaji mzunguko wa kasi zaidi ili kisiyumbe angani. Mzunguko wa inchi 12 hutosha kwa grani 168, lakini kwa vichwa virefu zaidi ya hapo huanza kuwa wa kubahatisha. Wako wa inchi 10 unamudu kuanzia grani 150 hadi 180 na zaidi, kwa hiyo hilo liondoe akilini. Jambo la nne ni chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa: umbali ambao kichwa huruka kutoka kwenye ganda hadi kushika mifereji hutofautiana kati ya bunduki na bunduki, na umbo la kichwa huamua kama kitaingia kimenyooka au kimeinama. Kiwanda hutengeneza risasi inayoweza kuingia katika kila chemba halali ya kaliba hiyo, haikutengenezi wewe peke yako. Hapo ndipo penye ukweli wa ule msemo kwamba kila bunduki ina risasi yake, ingawa naona watu huutia chumvi. Vichwa vizuri hupiga vizuri katika mitutu mingi, na vibaya hupiga vibaya karibu popote.

Kwa hiyo mwenzako aliyesema ununue za bei ya juu ana nusu ya haki. Kutoka risasi za mazoezi kwenda risasi za shabaha, tofauti mara nyingi ni kubwa na inaonekana. Kutoka shabaha ya kawaida kwenda shabaha ya bei ya juu kabisa, tofauti inaweza kuwa ndogo kiasi cha kutoonekana, au bunduki yako ikapendelea ile ya bei ndogo. Bei hukununulia uangalizi wa kiwandani. Mapatano na chemba yako utayajua kwa kupiga tu.

Kabla hujapiga risasi nyingine, chukua boksi la kwanza na boksi moja la yale mapya, uyatazame pembeni au chini. Kuna nambari imepigwa muhuri, ya toleo la kiwanda. Je, zinafanana? Jina la risasi likiwa moja na nambari za toleo zikiwa mbili, huna risasi moja, una mbili zinazofanana. Baruti hutofautiana kidogo toleo kwa toleo, na kiwanda hurekebisha kipimo chake ili mwendo na shinikizo vibaki ndani ya kiwango. Fataki, ile inayowasha baruti, inaweza kuwa imetoka mkupuo mwingine, vivyo hivyo na maganda. Hilo linaweza kuwa chanzo cha risasi zako kutua juu na kushoto.

Hata hivyo, kuhama kwa kitovu si kupoteza ulengaji. Kundi dogo lililotua pembeni ni kundi zuri linalohitaji darubini ikazungushwe. Watu wengi hukataa risasi nzuri kwa sababu tu haikutua pale ilipotua ile ya kwanza. Unapolinganisha risasi, usiguse darubini kabisa. Acha kila aina itue inapotaka, wewe pima ukubwa wa kundi tu. Ukishachagua, ndipo urekebishe darubini mara moja.

Na kabla ya kuhukumu risasi, ihakikishe bunduki. Skrubu za darubini na za kitako cha bunduki, kile kinachoubeba mtutu, zikazwe kwa kipimo alichoandika mtengenezaji, kwa spana inayopima nguvu ya kukaza. Pitisha karatasi kati ya mtutu na kitako mpaka ifike karibu na chemba; ikikwama mahali, mtutu unaguswa, na ukipata joto makundi yatahama. Kisha weka bunduki kwenye mifuko ya mchanga, ilenge shabaha, usiiguse, usogeze jicho lako polepole kushoto na kulia. Alama ya darubini ikionekana kutembea juu ya shabaha, rekebisha kitufe cha umbali mpaka itulie. Kasoro hiyo peke yake huweza kuongeza milimita kadhaa kwenye kila kundi, nawe ukailaumu baruti.

Jaribio lenyewe nakushauri ulifanye hivi. Nunua maboksi ya kutosha ya aina tatu au nne, ukihakikisha nambari ya toleo ni moja ndani ya kila aina. Kwa kila aina panga kupiga risasi 20 za kuhesabiwa. Chagua asubuhi tulivu, kabla ardhi haijapata joto na hewa kuanza kucheza mbele ya darubini. Tumia mfuko wa mbele na wa nyuma, au miguu miwili ya kuegemeza bunduki na mfuko wa nyuma, ila usibadilishe katikati ya jaribio. Risasi zikae kivulini, maana baruti yenye joto husukuma kwa nguvu zaidi, na boksi lililokaa juani litakudanganya.

Kila unapobadilisha aina, piga kwanza tatu hadi tano zisizohesabiwa, kwenye karatasi nyingine. Masalia ya shaba na baruti yaliyomo ndani ya mtutu ni ya risasi iliyotangulia, na baadhi ya mitutu huhitaji kuzoea mgeni. Kisha piga kumi za aina ya kwanza, bila haraka. Ukigusa mtutu na mkono ukashindwa kutulia juu yake, ngoja upoe. Usiiache risasi ndani ya chemba yenye joto huku unajipanga. Itapikika pale, itoke na mwendo mwingine. Nenda aina ya pili, ya tatu, ya nne. Ukimaliza mzunguko wa kwanza, rudi kinyumenyume: ya nne, ya tatu, ya pili, ya kwanza. Sababu ni kwamba upepo huongezeka kadiri jua linavyopanda, na wewe unachoka. Ukipiga aina moja mwanzoni tu na nyingine mwishoni tu, utakuwa umepima uchovu wako. Mpangilio wa kwenda na kurudi huugawa mzigo huo kwa wote.

Ikiwa kuna mtu wa kukusaidia, mwombe akupe risasi bila wewe kujua ni aina ipi. Inaonekana kama kazi ya bure, lakini jicho huitunza risasi linayoipenda.

Kuna risasi moja ambayo itakusumbua: ile inayokwenda mbali na wenzake, ukasema "hii nilitikisika, siihesabu". Kanuni yangu ni kali hapa. Kama ulijua umetikisika kabla hujaangalia tundu, ukalisema au ukaandika, ifute na upige nyingine. Kama ulijua baada ya kuliona, ihesabu. Mara nyingi tundu hilo la mbali ndilo habari muhimu kuliko yote kwenye karatasi, kwa sababu ndilo linaloonyesha ncha ya mtawanyiko. Mtu anayefuta tundu moja katika kila kundi la tano ataamini kwamba ana bunduki ambayo haipo duniani.

Kupima, usitegemee namba ya kaliba. Karatasi hurudi nyuma ikishapigwa, na tundu lake huwa dogo kuliko kichwa chenyewe cha milimita 7.82. Tafuta tundu lililo peke yake, lipime upana kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha pima kundi zima kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, utoe upana wa tundu lile moja. Hapo umepata umbali wa kitovu hadi kitovu.

Lakini mimi ningependa upime kitu cha ziada. Tafuta kitovu cha kundi lote, kisha pima umbali wa kila tundu kutoka hapo, ujumlishe, ugawe kwa idadi ya matundu. Programu za simu hufanya hivyo kwa kupiga picha karatasi. Uzuri wa wastani huo ni kwamba kila risasi uliyoilipia inachangia, wakati kipimo cha ncha kwa ncha kinatumia matundu mawili na kuyatupa manane. Ukitaka kulinganisha na namba za watu wengine, kundi la risasi kumi ncha kwa ncha huwa kama mara tatu ya wastani huo. Namba ya wastani itaonekana ndogo na isiyo na la kujivunia, ila ndiyo itakayorudi karibu vile vile ukirudia jaribio.

Utaamuaje? Hata kwa risasi 20 kila upande, tofauti ndogo haisemi kitu. Aina moja ikiwa na wastani wa milimita 11 na nyingine 12, zihesabu sawa, uchague inayopatikana kwa urahisi. Tofauti iliyo chini ya robo hivi usiitegemee. Ikifika theluthi au nusu, na ikajitokeza katika makundi yote mawili ya kumi, hapo unaweza kununua kwa moyo mkunjufu. Kwa uzoefu wangu, jaribio zuri linafaa zaidi kuondoa risasi mbovu kuliko kumtawaza mshindi. Aina moja au mbili zitajitoa zenyewe, zikitawanya wazi wazi. Zilizobaki zitakaribiana. Hapo acha kutafuta.

Ukiwa na nia ya kupiga mbali, mita 100 peke yake hazitoshi, kwa sababu huficha tofauti za mwendo. Chukua risasi ya grani 175 inayotoka kwa mita 790 kwa sekunde. Nyingine ya boksi lile lile ikitoka pungufu kwa mita 10 kwa sekunde, katika mita 100 itatua chini kwa milimita mbili tu, hutaiona. Katika mita 600 itatua chini kwa karibu sentimita 10. Kwa hiyo azima au tumia kipima mwendo cha uwanjani, uandike mwendo wa kila risasi unapofanya jaribio lako, uone zinavyoachana. Kati ya aina mbili zinazokaribiana kwenye karatasi, chagua ile ambayo mwendo wake hauyumbi. Kwa umbali wa mita 900 na kuendelea ningekushawishi uelekee grani 175. Kile kichwa cha grani 168 cha muundo wa zamani kiliundwa kwa shabaha ya mita 300, na katika .308 hupoteza utulivu kinapokaribia mwendo wa sauti. Jeshi la Marekani nalo linatumia kichwa cha 175 katika risasi yake ya M118LR. Ukibaki ndani ya mita 600, hilo lisikunyime usingizi. Na ikiwa unawinda, vichwa vya shabaha si vya kazi hiyo hata vikipiga tundu moja. Kule namna kichwa kinavyofanya kazi ndani ya mnyama inatangulia milimita.

Suala la toleo nililogusa juu, wapigaji wa kaliba ndogo ya .22 wa mita 50 hulichukulia kwa uzito kuliko mtu yeyote. Duara la kumi kwenye shabaha yao ya kimataifa lina kipenyo cha milimita 10.4 tu. Watengenezaji kama Eley, kule Birmingham, na Lapua, kule Schönebeck nchini Ujerumani, wana vituo ambako mpigaji hupeleka bunduki yake, ikafungwa kwenye mashine na kupigishwa matoleo mbalimbali ya risasi yenye jina lile lile, kisha akanunua toleo lililoshinda kwa wingi. Kwa .308 hatufiki huko, lakini funzo linahamia: ukipata toleo linalokufaa, nunua la kukutosha msimu, na ukianza toleo jipya, piga kumi kwenye karatasi kabla hujaliamini.

Sasa yale ambayo si ya kusubiri. Kifuniko cha fataki kikibapa kabisa au kutoboka, bolti ikawa nzito kunyanyua, au ganda likatoka na ufa, simama hapo hapo, usimalizie boksi. Ukifyatua isilipuke, acha mdomo wa mtutu ukielekea shabaha, subiri si chini ya nusu dakika, dakika nzima ni bora zaidi, ndipo ufungue bolti. Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, usipige nyingine mpaka uutazame mtutu ndani, bolti ikiwa imetolewa. Kichwa kinaweza kuwa kimekwama njiani. Na usiweke risasi ambayo muhuri wa kitako cha ganda lake haulingani na kilichoandikwa kwenye mtutu, hata kama inaingia.

Fundi wa bunduki ana nafasi yake pia, na ni vizuri uonane naye ana kwa ana ikiwa, baada ya jaribio kama hili, aina zote nne za shabaha zinatawanya zaidi ya milimita 50 kwa risasi kumi. Au ikiwa kitovu cha kundi kinahama mwelekeo mmoja kadiri mtutu unavyopata joto. Au ikiwa makundi yanajigawa mafungu mawili yaliyotengana, jambo ambalo mara nyingi hutokana na kitako au darubini iliyolegea. Ana kamera nyembamba ya kuingia ndani ya mtutu. Ataona kwenye koo la mifereji, pale kichwa kinapoanza kushika, kama kuna mikwaruzo ya kiwandani au kuungua. Kuhusu kuungua usiogope: .308 ni kaliba ya upole kwa mtutu, hupigwa maelfu ya risasi kabla ulengaji haujashuka, na risasi 80 au 100 za jaribio zitapita bila mtutu kujua. Lakini kabla ya kumlipa fundi, mwombe mpigaji mzoefu hapo uwanjani apige makundi mawili ya tano kwa bunduki yako na risasi zako. Akipata 20 mahali ulipopata 30, utakuwa umejua tatizo liko wapi, na mkufunzi atakusaidia kuliko fundi.

Zile risasi ulizonunua usiziuze. Toa 20, zifanye mshindani mmojawapo katika jaribio, sawa na wengine bila upendeleo. Zikishindwa wazi, zitumie kwa mazoezi ya kulala, kukaa na kupumua, ambako MOA moja inatosha kabisa. Zikilingana na wengine, tayari una risasi yako, na nyingi tu. Ukishapiga niletee picha za karatasi zote, hata zile zisizokupendeza, pamoja na nambari za toleo, tutazipima pamoja.